Baiskeli ya graveli ikigoma msituni: soma dalili kabla ya kushika spana

Fundi mzuri wa baiskeli huuliza "huwa inaanza lini?" kabla hajafungua kitu. Gia zinaruka ukikanyaga kwa nguvu kilimani, au hata ukizungusha pedali kwa mkono gurudumu likiwa juu? Breki inalia asubuhi ya ukungu tu, au mpaka saa nane jua linapowaka? Majibu hayo mawili matatu huondoa nusu ya mambo unayoyashuku, tena bila kutoa hata shilingi.

Nayaandika haya nikiwa na milima ya Usambara Magharibi, Tanzania, kichwani: njia za msitu wa Magamba, barabara za magogo za shamba la miti la Shume, vumbi la kuelekea Lukozi na Mtae, na ule mteremko wa lami wa Lushoto kwenda Mombo ambao humalizia safari nyingi. Anayeendesha Kereita au Limuru kule Kenya atayakuta mengi yale yale. Baiskeli ya graveli, yaani ya njia za changarawe na vumbi, ni ile yenye usukani uliopinda chini kama wa mbio, lakini matairi yake ni mapana, milimita 38 hadi 45, na gia zake ni nyepesi. Kama yako ni mtumba wa mlimani wa inchi 26 uliofungwa matairi laini, usione haya. Karibu kila kitu hapa kinakuhusu, na breki zake nimezitengea neno lake.

Pancha zisizoisha

Tundu la tyubu husomeka, kwa hiyo usilizibe kabla hujaliangalia. Zoea kufunga tairi huku nembo yake ikikaa mbele ya valvu. Ukipata pancha, unailaza tyubu juu ya tairi na unajua mara moja ni sehemu gani ya tairi ya kutafuta mwiba.

Tundu moja dogo upande wa nje ni mwiba. Huku kwetu mshukiwa mkuu ni mbigili, na haishi ndani ya msitu wenye unyevu. Inakaa kwenye majani makavu pembeni mwa barabara, chini kule Mombo na kwenye tambarare za mkonge. Kwa hiyo pancha ya saa tatu asubuhi Magamba huenda ulipanda nayo jana yake kutoka chini. Mwiba wa mgunga ni mbaya zaidi kwa sababu hukatikia ndani ya mpira, na ncha yake hujitokeza pale tu tairi linapobonyezwa na uzito wako. Likunje tairi kwa nje, pitisha kitambaa ndani taratibu. Kitanasa mahali ambapo kidole kingechomwa.

Matundu mawili yaliyokaa sambamba maana yake tyubu imebanwa kati ya rimu na mzizi au jiwe. Hapo hakuna mwiba wa kutafuta. Upepo ulikuwa mdogo, au ulipiga mzizi ukiwa umekaa kitini kama gunia la viazi. Tundu lililo upande wa ndani, ule unaolalia rimu, linatokana na utepe wa rimu uliosogea na kuacha tundu la spoki wazi. Unaweza kubandika viraka mpaka kesho, bila kurekebisha utepe huo tyubu itatoboka palepale. Na ikichanika kwenye shina la valvu, mara nyingi tairi limeteleza juu ya rimu kwa upepo mdogo likaivuta tyubu, au aliyejaza upepo aliikunja valvu huku akipampu. Hiyo haizibiki, badilisha.

Kuna ile inayolala imejaa na kuamka imelegea, na ukiizamisha ndani ya maji haitoi hata povu moja. Weka mate juu ya valvu usubiri. Kama si valvu, basi ni kiraka cha zamani kinachoachia kwa joto, na hilo chanzo chake ni haraka: solusheni inapakwa na kiraka kinabandikwa hapohapo ikiwa bado mbichi. Inatakiwa ikauke mpaka isishike kidole.

Kwa wanaotumia tubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu, dalili ya kwanza ya kukauka kwa silanti, ile dawa ya maji ya kuziba matundu iliyomo ndani, ni tundu dogo ambalo zamani lingejiziba lenyewe na sasa linapuliza tu. Tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji yakichezacheza, hakuna kitu mle. Kwenye joto la tambarare silanti inaweza kukauka ndani ya miezi miwili au mitatu, kwa hiyo tarehe uliyoweka iandike kwenye fremu. Ikishindwa kabisa na ukaamua kuweka tyubu njiani, kuna mtego: tairi la tubulesi hubeba miiba mingi iliyozibwa kimyakimya bila wewe kujua. Tyubu mpya ikigusa miiba hiyo, umebadilisha pancha moja kwa tano. Ng'oa yote kwanza, hata ikichukua nusu saa.

Upepo kiasi gani? Mtu wa kilo 70 hivi, tairi la milimita 40 lenye tyubu, aanzie psi (kipimo cha upepo) 40 nyuma na 36 mbele. Akiwa na tubulesi, 32 nyuma na 29 au 30 mbele. Ongeza kidogo ukibeba mizigo. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo tu, ila mafundi wengi wa barabarani hujaza mpaka ifike, wakidhani wanakutendea wema. Na kama valvu zako ni zile nyembamba, beba adapta yake. Pampu nyingi za njiani ni za valvu nene ya gari na pikipiki.

Gurudumu la mbele linakimbia kwenye kona

Kiangazi, udongo mwekundu hukauka ukawa mgumu kama sakafu halafu vumbi laini hutanda juu yake. Tairi lililojaa sana huelea juu ya vumbi hilo. Punguza psi 2 tu mbele, urudi kwenye kona ileile. Ikiendelea, tatizo ni mkono wako: unashika breki ya mbele ukiwa tayari umelala kwenye kona. Maliza kupunguza mwendo ukiwa bado umenyooka.

Nyuma likizunguka bure kwenye kilima, jiulize kama ulikuwa umesimama kwenye pedali. Kaa, sogea mbele ya kiti, inamisha kifua, chagua gia nyepesi kabla kilima hakijakubana. Chini ya misindano ya Shume, majani makavu huficha mizizi, na mzizi uliolowa ukipitiwa kwa pembe ya mshazari utakulaza. Uvuke kwa kuukata moja kwa moja, pembe mraba.

Mvua ya masika ikishanyesha juu ya ule udongo, hakuna tairi wala psi itakayokuokoa. Subiri saa chache njia inywe maji.

Matope yamekaba magurudumu

Dalili unaijua: baiskeli imekuwa nzito, halafu inakataa kabisa. Kosa linalogharimu zaidi hapo ni kulazimisha pedali. Donge la matope na nyasi likiingia kwenye mkono wa gia, yaani kile kifaa chenye vigurudumu viwili vidogo chini ya ekseli ya nyuma, huuvuta juu na kuuvunja. Shuka. Chokoa kwa kijiti, beba begani, tembea kwenye nyasi za pembeni (si ndani ya kabichi za watu).

Wakati wa masika tairi jembamba linashinda pana. Ukiwa na fremu inayomeza milimita 45 kwa taabu, weka 38 ili ibaki nafasi ya angalau milimita 6 kila upande. Wengine hupaka mafuta ya kupikia chini ya fremu na kwenye uma wa mbele ili matope yasishike. Yanasaidia kwa kitambo, lakini kama una breki za diski, mafuta hayo yakae mbali nazo.

Gia zinaruka

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi, kwa sababu magonjwa manne tofauti yana dalili moja.

Ikiruka unapokanyaga kwa nguvu tu, na kwenye gia mbili tatu unazozipenda, ni uchakavu. Chukua rula ya chuma. Cheni mpya, ukipima kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 25, urefu wake ni milimita 304.8. Ikifika 306.4 na gia zako za nyuma ni 11 au 12, ibadilishe. Kwa gia 8 hadi 10 unaweza kuvumilia mpaka 307. Ukichelewa, cheni iliyorefuka hula meno ya kaseti, yaani lile fungu la gia za nyuma, na siku utakapoweka cheni mpya itaruka kuliko ile ya zamani. Hapo muuzaji hajakudanganya. Kaseti ndiyo imekwisha.

Ikiruka hata bila kukanyaga, kila gia, ikigongagonga, ni waya. Sasa angalia inasita ikielekea wapi. Kama inachelewa kupanda kwenye gia kubwa, waya umelegea: zungusha skrubu ya kukazia waya nusu mzunguko kinyume cha saa, jaribu tena. Kama inapanda vizuri lakini inagoma kushuka kwenda gia ndogo, kukaza zaidi kutaharibu. Waya unasuguana na ganda lake kwa sababu ya vumbi na kutu, na ukungu wa Usambara unajua kazi hiyo. Waya na ganda lake vipya ni rahisi kuliko kifaa kingine chochote nitakachokitaja hapa.

Kama yote yalikuwa sawa mpaka baiskeli ilipoangukia upande wa kulia, au ilipolazwa kwenye buti la Noah juu yake begi, simama nyuma yake uangalie. Vigurudumu viwili vya mkono wa gia vinapaswa kusimama mstari mmoja wima chini ya gia. Vikiegemea ndani kuelekea spoki, kile kipande chembamba cha aluminiamu kinachoushikilia mkono huo kwenye fremu kimepinda. Nitakiita sikio. Kimetengenezwa kiwe laini ili kipinde au kivunjike chenyewe kabla ya fremu. Usitumie gia kubwa kabisa ya nyuma mpaka kinyooshwe. Mkono wa gia ukiingia kwenye spoki ukiwa kwenye kilima unapoteza gurudumu, mkono huo na sikio lake kwa pamoja. Kukinyoosha kwa mkono porini inawezekana mara moja, taratibu, ili ufike nyumbani. Kila fremu ina sikio lake na hayaingiliani, kwa hiyo nunua la akiba siku unayonunua baiskeli, usitarajie kulikuta duka la njiani.

La nne ni kijiti. Ukisikia mkwaruzo wa ghafla nyuma msituni, acha kukanyaga wakati huohuo. Mzunguko mmoja zaidi wa pedali ndio unaovunja.

Cheni ikidondoka mbele kwenye makorongo, na mkono wako wa gia una swichi ndogo ya kukaza (baadhi ya ile ya kampuni ya Shimano inayo), angalia kama mtu aliizima alipotoa gurudumu akasahau kuirudisha.

Kuhusu kulainisha: oili chafu ya gari iliyotolewa kwenye injini haifai, hata kama fundi anakupa bure na kila mtu kijijini anaitumia. Ina masizi na chembe za chuma, inavuta mchanga, na mchanganyiko huo unasaga cheni kila pedali inapozunguka. Safisha kwa mafuta ya taa, acha ikauke kabisa, tone moja la mafuta mepesi kila kiungo, kisha futa mpaka kwa nje ionekane kavu. Mafuta ya cherehani yanafaa kiangazi. Mvua moja tu inayaondoa, basi yarudie.

Breki inalia, au mkono wa breki unagusa usukani

Kulia asubuhi yenye unyevu na kunyamaza baada ya kushika mara chache ni kawaida. Kulia mchana kutwa huku haishiki sawasawa ni mafuta kwenye pedi, na mara nyingi yametoka kwa mtu aliyepulizia cheni dawa bila kufunika diski. Futa diski kwa spiriti na kitambaa ambacho hakijawahi kugusa grisi, sugua pedi kwa msasa, kisha zizoeze kwa kushika mara ishirini hivi kwenye mteremko mdogo. Zilizolowa mpaka ndani hazirudi. Kuna wanaozichoma kwenye jiko la mkaa. Mimi naona ni kupoteza mkaa.

Mkono wa breki ukienda mpaka kwenye usukani, anza na tochi: pedi zimebaki kiasi gani? Matope ya Usambara yanaweza kumaliza pedi laini ndani ya siku moja ya mvua, jambo ambalo mgeni haliamini mpaka aone chuma kinakwaruza diski. Diski yenyewe ina kikomo, kwa Shimano ni milimita 1.5 kutoka 1.8 ikiwa mpya. Pedi zikiwa nzima na breki ni ya waya, kaza waya. Ikiwa ya mafuta na mkono una ulaini wa sponji, ndani kuna hewa.

Halafu kuna ile ya mteremko wa Mombo. Ni kama kilomita 33 na unashuka takriban mita 1,000, kona juu ya kona, malori yanapanda. Breki iliyokuwa ngumu Lushoto inaanza kulegea ukishapita Soni. Hiyo ni joto. Umekuwa ukizishika kidogo muda wote bila kuachia. Simama pembeni, subiri zipoe zenyewe, usimwagie maji kwenye diski ya moto maana inaweza kupinda. Ukianza tena, shika kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha achia kabisa hewa ipite.

Onyo moja la dukani. Mafuta ya breki ya gari ni ya aina iitwayo DOT. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini, na DOT itazitafuna raba zake za ndani. Breki nyingi za SRAM, kampuni nyingine, ni za DOT, na kwao mafuta ya madini ndiyo sumu. Soma kwenye kifuniko cha mkono wa breki kabla fundi hajafungua chupa.

Wenye breki za rimu, yaani mitumba mingi, tatizo lenu ni mchanga unaojichimbia ndani ya raba na kukereza aluminiamu. Chokoa vijiwe na vipande vya chuma kwa ncha ya kisu. Kisha pitisha kidole ubavuni mwa rimu: ukihisi shimo lililobonyea, rimu hiyo imekwisha na inaweza kupasuka ikiwa na upepo, pengine ukiwa kasi.

Sauti ya kukwaruza ambayo hakuna anayeijua

Simama kwenye pedali. Ikinyamaza, iko kwenye kiti au bomba lake. Toa bomba, futa, paka grisi, rudisha. Acha kukanyaga huku baiskeli ikitembea. Ikinyamaza, ni pedali au krenki, yaani ile mikono miwili inayobeba pedali. Kaza pedali kwanza, ukikumbuka ya kushoto hukazwa kinyume cha saa. Krenki ikicheza ukiitikisa kwa mkono, usiendelee kuikanyaga. Mkono wa krenki wa aluminiamu uliolegea hupanua tundu lake na baada ya hapo haukaziki tena. Kwa beringi za usukani, shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole kikiwa kwenye kiungo. Zikiwa zimelegea utazihisi zikicheza.

Na tukiwa hapo, zile pampu kali za kuoshea pikipiki: vijana wale wanaosha vizuri mno. Maji yao yanapenya sili za beringi, yanatoa grisi, na baada ya wiki chache unasikia mchanga ukizungushwa ndani ya krenki. Ndoo, brashi na sabuni vinatosha.

Inayouma ni wewe, si baiskeli

Ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete ni neva inayobanwa kwenye kiganja. Angalia kama kiti kimeinama mbele na kukusukuma juu ya mikono, punguza upepo wa tairi, na badilisha mahali pa kushika. Goti likiuma mbele, kiti kiko chini. Likiuma nyuma, kiti kiko juu. Pa kuanzia: weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu pana ya mguu, goti litakuwa na mkunjo wa kutosha.

Pedali zinazunguka, gurudumu haliendi

Unakanyaga mbele na nyuma, hakuna kinachoshika. Vijino vya ndani ya friwili, kile kifaa cha nyuma kinachoshika ukikanyaga na kuachia ukiacha, vimegandishwa na matope au grisi nzito ya baridi. Laza baiskeli ubavu, dondoshea mafuta ya taa kidogo nyuma ya kaseti, zungusha kinyume mara nyingi, gongagonga kwa mpini wa spana. Mara nyingi hushika tena, ingawa lazima ifunguliwe ikifika kwa fundi.

Ikikataa, funga gia kubwa ya nyuma kwenye spoki kwa waya wa kujengea, sehemu tatu au nne. Sasa pedali na gurudumu ni kitu kimoja: utapanda na kutembea tambarare, lakini mteremkoni pedali hazitasimama, kwa hiyo shuka na uikokote. Hiyo nayo ikishindikana, bodaboda. Toa gurudumu la mbele, abiria akae nalo mgongoni, fremu ibebwe upande wake wa kushoto ukitazama chini, mkono wa gia ukiwa juu, na bei mpatane kabla hajawasha, kwa sababu akishaona baiskeli ya usukani uliopinda ataanza na bei ya mtalii.